Shehena Inapoangusha Behewa: Dalili na Vyanzo vya Matatizo ya Mizigo kwenye Mabehewa Bapa ya Treni za Modeli

Jioni tatu nzima umekata vijiti, umevipanga, umevifunga kwa uzi na kuvipaka rangi. Treni inaondoka stesheni, inaingia kona ya kwanza, na behewa lenye shehena yako linalala ubavu. Wengi wetu hapo huilaumu shehena na kuibandua palepale. Usiibandue bado. Mara nyingi shehena imeonyesha tu ugonjwa ambao behewa lilikuwa nao tangu siku lilipotoka kwenye boksi.

Ninaposema behewa bapa ninamaanisha lile lisilo na kuta wala paa: sakafu, bogi mbili chini yake (vifremu vya magurudumu vinavyogeuka), na kapla ya kuunganishia kila mwisho. Vipimo nitakavyotaja ni vya skeli ya HO, yaani 1:87, modeli ikiwa ndogo mara 87 kuliko kitu halisi, na umbali kati ya reli zake mbili ni milimita 16.5. Ndiyo inayotumika zaidi hapa Marekani ninakoishi, na ndiyo niliyoizoea mikononi. Mwenye skeli ya N au O atabadilisha namba, lakini vyanzo ni vilevile.

Kwanza liendeshe likiwa tupu

Ondoa shehena yote. Kama umeibandika kwa gundi, tafuta behewa jingine la aina ileile ulitumie kwa kulinganisha. Lizungushe meza nzima mara kumi: mara tano likivutwa, mara tano likisukumwa na injini kwa nyuma. Usiache kulisukuma, maana bogi iliyokazwa kupita kiasi inaweza kuvutwa mwaka mzima bila kulalamika, lakini ikisukumwa mara moja tu inapanda reli.

Likipita tupu na kuanguka likiwa na mzigo, chunguza shehena. Likianguka hali zote mbili, angalia bogi, magurudumu na reli zenyewe. Likianguka tupu na kupita vizuri likiwa na mzigo, behewa ni jepesi mno, na hilo ndilo tatizo ninaloliona kuliko yote.

Tupu linaacha njia, likibeba linatulia

Behewa la mizigo lililofunikwa lina tumbo. Unaweza kuficha nati, vipande vya chuma, chochote, ukafunga paa na hakuna atakayejua. Behewa bapa halina pa kuficha kitu. Wengi basi huamua kwamba uzito utatoka kwenye shehena: wanajaza chuma ndani ya kreti, wanaliweka juu ya sakafu, na kweli behewa linatulia. Siku shehena inaposhushwa, tatizo linarudi.

Chama cha wapenzi wa treni za modeli cha Marekani, NMRA, kilichoanzishwa mwaka 1935, kina pendekezo la uzito ambalo nimelifuata miaka yote na halijanitupa. Kwa HO, anza na aunsi 1, kisha ongeza nusu aunsi kwa kila inchi ya urefu wa behewa. Kwa vipimo vyetu, ni gramu 28 za kuanzia, na gramu 5.6 kwa kila sentimita. Behewa bapa la futi 53 na inchi 6, ambalo ni la kawaida sana, lina urefu wa sentimita 18.7 kwenye HO, kwa hiyo linatakiwa kuwa na gramu 133 hivi. Refu la futi 89, lile linalobeba matrela, lina sentimita 31 na linataka gramu 200 na kidogo. Liweke lako kwenye mizani ya jikoni. La kwanza nililopima mimi lilisoma gramu 71, karibu nusu ya kinachotakiwa, na nilikuwa nimelaumu reli zangu kwa miezi.

Uzito huo uko wapi basi? Lipindue behewa. Katikati kuna uti wa mgongo wenye mfereji, na pembeni mwa uti kuna nafasi kati ya mbavu za sakafu. Humo mnaingia vipande vyembamba vya risasi au vya chuma. Magurudumu ya plastiki yabadilishe kwa ya chuma. Yanaongeza gramu chache, lakini ni gramu za chini kabisa, pale zinapofaa zaidi. Ukitumia risasi, ikate kwa mkasi badala ya kuipiga msasa, osha mikono ukimaliza, na usiifanyie kazi kwenye meza ya chakula.

Kwa maoni yangu uzito wote ukae chini ya sakafu, na shehena iwe nyepesi kadiri inavyowezekana. Kreti linaloonekana zito liwe tupu ndani. Bomba za mafuta ziwe mirija ya plastiki. Hapo behewa litapita sawasawa likiwa na mzigo au bila mzigo, nawe utaweza kuendesha reli kama reli halisi, ambako behewa huenda limejaa na kurudi tupu.

Uti ukijaa na gramu bado hazitoshi, panga treni kwa akili. Treni ndefu inapozunguka kona, mvuto wa injini huyavuta mabehewa kuelekea ndani ya kona, na lililo jepesi likiwa karibu na injini huku kumi na tano mazito yakiwa nyuma yake, ndilo linalong'olewa na kulala upande wa ndani. Liweke mkiani.

Tupu linapita, likibeba linalala

Sasa tunaihukumu shehena. Tazama linalalia upande gani na wapi.

Likilalia upande mmoja hata kwenye reli iliyonyooka, uzito hauko katikati. Usitegemee macho. Weka behewa na shehena yake juu ya penseli ya duara iliyolala chini ya uti wa mgongo, kwa urefu wa behewa, uone linaangukia wapi. Kisha zungusha penseli ikae kukingama, chini ya nukta ya katikati, upime mbele na nyuma. Trekta, kwa mfano, lina uzito mwingi nyuma. Matrekta mawili yakitazama upande mmoja huliacha behewa zito upande wa nyuma.

Likilala kwenye kona tu, kuna mambo mawili. La kwanza ni kimo cha uzito. Shehena ndefu kwenda juu yenye chuma kileleni itaangusha behewa lolote, na hakuna marekebisho ya bogi yatakayokuokoa. Toa chuma kile.

La pili ni bogi, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu watu wengi wamefundishwa vibaya. Ukilegeza skrubu za bogi zote mbili, behewa linayumba kama mtumbwi, na shehena ya juu inazidisha kuyumba. Ukikaza zote mbili, behewa linakuwa gumu kama meza ya miguu minne kwenye sakafu isiyo sawa: gurudumu moja daima liko hewani, na likifika kwenye kiungo cha reli linapanda. Dawa ni kigoda cha miguu mitatu. Kaza skrubu ya bogi moja mpaka iweze kugeuka kushoto na kulia bila kuyumba ubavu, halafu iregeze robo mzunguko tu ikiwa inakwama kugeuka. Bogi ya pili iache iwe huru, igeuke na pia iyumbe kila upande. Bogi ya kwanza inalishikilia behewa wima, ya pili inafuata mabonde ya reli. Tangu nilipoanza kufanya hivi kwa kila behewa linaloingia mezani kwangu, shehena za juu nimeacha kuziogopa.

Ukishamaliza hayo na bado linalala mahali palepale kila mara, shida iko kwenye reli ya mahali pale. Weka rula ya chuma juu ya kiungo cha reli utazame kwa usawa wa jicho.

Linapita polepole, linaanguka kwenye njia panda au linajitenga na wenzake

Pima kimo cha kapla. Katikati ya kapla ya HO inatakiwa kuwa milimita 9.9 juu ya uso wa reli. Sakafu ya behewa bapa ni nyembamba, na shehena nzito iliyorundikwa katikati inaiinamisha: tumbo linashuka, ncha zinapanda, na kapla zinapanda nazo. Treni ikipita mahali reli inapoinuka, kapla inachomoka kwa juu na nusu ya treni inabaki nyuma.

Kuna sababu nyingine ya sakafu kupinda ambayo haihusiani na uzito kabisa. Ni maji. Mtu anabandika sakafu ya mbao halisi juu ya plastiki kwa gundi nyeupe ya mbao. Gundi ile ina maji, mbao zinavimba zikibandikwa, kisha zinasinyaa zikikauka na kuvuta plastiki ikunjike. Hapa kwetu Kaskazini joto la ndani wakati wa baridi hukausha hewa mpaka midomo inapasuka, na mbao iliyobandikwa kiangazi chenye unyevu itasinyaa Januari. Bandika sakafu za mbao kwa gundi isiyo na maji, na upake rangi au vanishi pande zote mbili za mbao kabla ya kubandika. Sakafu iliyokwisha kupinda ifunge kinyume juu ya chuma kilichonyooka, iache siku kadhaa, halafu uingize kipande cha chuma kwenye uti wa mgongo kiishikilie.

Kama kimo cha kapla ni sawa, tazama kama shehena inagusa behewa la jirani. Ubao uliotokeza milimita 5 nje ya sakafu haugusi kitu kwenye njia iliyonyooka. Kwenye kona, ncha za mabehewa mawili husogeleana upande wa ndani, na ubao ule unalisukuma jirani mpaka litoke.

Shehena inagonga handaki, daraja, au treni ya njia ya pili

Marekani, kipimo cha behewa linaloruhusiwa kupita karibu kila mahali ni upana wa futi 10 na inchi 8, na kimo cha futi 15 na inchi 1 kutoka kwenye reli. Kwa HO ni upana wa milimita 37 na kimo cha milimita 53. Kata dirisha la vipimo hivyo kwenye kadibodi ngumu, lisimamishe juu ya reli, upitishe kila shehena mpya chini yake kabla haijaonja handaki. Sakafu ya behewa bapa iko milimita 13 hivi juu ya reli, kwa hiyo shehena yenyewe ina milimita 40 za kujidai. Kuna njia zinazoruhusu vimo vikubwa zaidi, na mizigo mikubwa hupita kwa kibali maalumu na kwa mwendo wa taratibu. Ukiitaka hiyo, hakikisha mahandaki yako yanaikubali.

Dirisha la kadibodi lakini halitakuambia habari za kona, na kona ndiyo inayoshangaza watu. Behewa refu kwenye kona haliifuati reli. Sakafu imenyooka, reli imepinda, kwa hiyo tumbo la behewa linaingia ndani ya kona na ncha zake zinatokeza nje. Hesabu ni rahisi: chukua umbali kati ya vituo vya bogi mbili, uuzidishe kwa wenyewe, kisha ugawe kwa mara nane ya nusukipenyo cha kona. Behewa la futi 89 lina milimita 231 kati ya bogi. Kwenye kona ya inchi 18, yaani milimita 457, tumbo linaingia ndani milimita 14.6. Kwenye kona ya inchi 30 linaingia chini ya 9. Ongeza nusu ya upana wa shehena na utajua kwa nini trela lako linakwangua nguzo ya daraja ambayo mabehewa mengine yote huipita salama.

Tiba ni kupunguza upana wa shehena ya katikati, au kuhamisha nguzo, au kulipangia behewa hilo njia yake. Kuipanua kona ndiyo tiba bora kama meza inaruhusu. Mwenye kona za inchi 18 peke yake ninamshauri abaki na mabehewa ya futi 40 na 53. Yanapendeza kwenye kona hizo, na hayatamsumbua.

Mzigo mrefu kuliko behewa

Boriti ya daraja, nguzo ndefu, bawa la mtambo wa upepo: vyote hivi huwavutia watu, na vyote huangusha treni kwa sababu ileile. Mtu ameufunga mzigo kwenye mabehewa mawili kwa kuukaza kabisa, kwa hiyo mabehewa mawili yamekuwa fimbo moja isiyoweza kukunja kona.

Kama mzigo unatokeza upande mmoja tu, ubebe kwenye behewa moja na uweke behewa bapa tupu chini ya ncha inayoning'inia. Usiuguse mzigo ule na behewa tupu. Kati yao ibaki milimita moja au mbili za hewa. Reli halisi hufanya hivyohivyo. Kama mzigo lazima ukalie mabehewa mawili, weka kiti kwenye kila moja. Kiti cha kwanza kiwe na pini inayoingia kwenye tundu la duara, mzigo uzunguke juu yake. Cha pili kiwe na pini ndani ya mfereji mrefu, mzigo uzunguke na pia uteleze mbele na nyuma. Mfereji wa milimita 6 unanitosha kwa kona za inchi 24.

Treni zinazobeba reli mpya zilizounganishwa, zenye urefu wa karibu mita 400 kila moja, hupita kona kwa siri hiyohiyo: reli zimebanwa mahali pamoja tu katika treni nzima, kwengine zinateleza juu ya viti vyake zikijikunja. Ukitengeneza ya kwako kwa vipande vya plastiki, bana kwenye behewa la katikati peke yake.

Linakwenda kwa shida, kama limefungwa breki

Fupi tu hapa. Pindua uangalie. Uzi uliofungia mzigo umepita chini ukagusa ekseli. Au gundi imechuruzika kwenye tundu la nguzo, lile la ubavuni mwa sakafu linaloshika nguzo za kubana mzigo, ikafika kwenye bogi. Au mnyororo umening'inia. Mnyororo wa chuma ukishuka mpaka reli zote mbili, unaunganisha umeme na meza nzima inazimika. Kila kamba iishie pembeni mwa sakafu, kwenye tundu, na ncha yake ikatwe hapo.

Kama behewa linasita mahali pamoja tu, na hapo chini ya reli kuna sumaku ya kufungulia kapla, basi sumaku hiyo inavuta chuma ulichoficha au ekseli za chuma. Uzito wa risasi au shaba nyeupe hauvutwi. Vilevile, wanaoshikilia shehena kwa sumaku ndogo ili waweze kuitoa, waziweke katikati ya sakafu, mbali na kapla.

Gundi: mzigo unabanduka, au umeshika milele, au umepata ukungu

Ukungu mweupe kwenye vioo vya trekta au kwenye rangi inayong'aa ni kazi ya supaglu. Mvuke wake unakutana na unyevu wa hewa na kutua kama vumbi jeupe. Hutokea zaidi mahali pasipo na upepo na gundi ikiwa nyingi. Karibu na vioo tumia gundi nyeupe. Ukungu ukiwa umeshaingia kwenye rangi, tabaka la vanishi angavu mara nyingi huuficha, halafu unapitisha vanishi isiyong'aa juu yake.

Kinachobanduka kimebandikwa juu ya rangi. Gundi imeshika rangi, na rangi ndiyo iliyobanduka. Kwangua rangi pale miguu inapokaa, kiasi cha kichwa cha pini.

Lakini kwa nini ubandike? Shehena ya mbao ninaijenga juu ya kipande chembamba cha plastiki chenye upana wa sakafu, na chini yake ninaweka vijino viwili vinavyoingia kwenye matundu ya nguzo za ubavuni. Inakaa kwa vijino, inatoka kwa kidole. Kwa mashine zenye magurudumu, chembe ya gundi laini ya kubandikia mabango chini ya kila tairi inatosha, ila ibadilishe kila baada ya miezi michache, maana mafuta yake hupenya kwenye plastiki na kuacha doa.

Treni inapita vizuri, lakini shehena inaonekana ya bandia

Hii si ajali, lakini ndiyo dalili inayoniuma kuliko zote.

Chunguza ukubwa kwanza. Vigari na matrekta mengi ya madukani ni ya 1:64. Ukiyaweka kwenye behewa la 1:87 yanakuwa makubwa kwa zaidi ya theluthi moja. Jicho linahisi kosa hata kama mwenye jicho hajui namba. Kijiti cha mti chenye unene wa milimita 5 ni gogo la sentimita 43, ambalo ni sawa kabisa. Cha milimita 12 ni gogo la zaidi ya mita moja, na gogo kama hilo haliji kwa rundo. Vijiti vya mishikaki vya milimita 3 ni nguzo nzuri za umeme. Vijiti vilivyookotwa nje vikaushe kwenye jiko la moto mdogo kwanza, la sivyo wadudu watatoka ndani ya shehena yako.

Pili, wingi. Hapa wengi wanakosea kwa upendo: wanajaza. Nilikulia Makambako, na reli ya TAZARA inapita pale ikitoka Kapiri Mposhi kwenda Dar es Salaam, kilomita 1,860. Nikiwa mtoto nilitazama mabehewa yenye shaba ya Zambia na kudhani yamebaki nusu tupu, kwa sababu zile bamba zilikaa chini, chache, na nafasi kubwa ikaachwa wazi. Yalikuwa yamejaa. Shaba ni nzito, na behewa hujaa kwa uzito kabla ya kujaa kwa macho. Piga hesabu ya chuma: behewa bapa la futi 53 lenye uwezo wa tani 65 hivi, ukitandaza bamba za chuma sakafu nzima, rundo litafika kimo cha sentimita 17 tu. Kwa HO ni milimita 2. Mtu anayerundika chuma mpaka milimita 30 amepakia mara kumi na tano ya kinachowezekana, na shehena yake haiwezi kuaminika hata ikipakwa rangi na mkono wa malaika. Mbao kavu ni nyepesi, kwa hiyo mbao ndizo zinazoruhusiwa kupanda juu.

Tatu, vifungo. Behewa la kweli hupigwa breki, huyumba, hugongwa likiunganishwa, na shehena isiyofungwa itaondoka. Marekani kuna kanuni nzima za chama cha kampuni za reli, AAR, zinazosema kila aina ya mzigo ufungwe vipi. Mashine hufungwa kwa minyororo inayotoka kwenye fremu na kushuka kwa mshazari hadi pembeni mwa sakafu, na mbele na nyuma ya magurudumu huwekwa kabari za mbao. Mbao za kujengea hukaa kwa matita, kila tita limefungwa kwa mikanda ya chuma, na kati ya tita na tita kuna vipande vya mbao vya kuachia nafasi. Bomba hubanwa na nguzo za ubavuni. Kwa minyororo ya HO tafuta yenye viungo 40 kwa inchi moja. Mkufu wa kawaida ni mnene mno. Uzi wa kushonea una manyoya, upitishe kwenye nta ya mshumaa mara mbili kwanza. Mikanda ya chuma mimi ninaikata kutoka kwenye karatasi nyeusi, upana wa nusu milimita. Inachosha macho, na matokeo yake yanastahili.

Nne, kung'aa. Plastiki isiyopakwa rangi hung'aa kama sahani. Vanishi isiyong'aa juu ya kila kitu ndiyo hatua ya kwanza. Lakini usichafue shehena na behewa kwa mkono mmoja. Trekta linatoka kiwandani, ni jipya, ndiyo kwanza linakwenda kwa mnunuzi. Behewa limezunguka bara zima kwa miaka ishirini, limeliwa na kutu, sakafu yake imekwaruzwa na mizigo mia. Tofauti hiyo ndiyo inayosimulia safari. Ninapopaka, behewa ninalipa kutu na vumbi siku moja, shehena ninaifanyia kazi siku nyingine kabisa, ili mkono usisahau.

Na sakafu chini ya mzigo usiiache. Mtu akishusha shehena yako inayotoka kwa kidole, aone mbao zilizopauka, vipande vya kabari vilivyoachwa na wapakiaji, msumari mmoja au miwili iliyopinda, na alama ya kutu pale mnyororo ulipolala.